Punda Aliyeuzwa Kwenye Tope

Kila asubuhi Oliva alitoka kijijini Katindiuka na fimbo mkononi, akiuvuta mguu wake wa kulia mpaka shuleni. Wenzake walimpita wakimtania, "Oliva, leo utaikuta kengele ya kutoka!"

Naye aliwajibu, "Nyie fagieni tu, naja!"

Masika yalipoanza, njia ikawa utelezi. Oliva akawa anaanguka na kurudi nyumbani amelowa chapachapa, masomo yakimpita. Baba yake, Fulgensi, akauza mpunga wa akiba ili amnunulie punda wa kumpeleka shule.

Muuzaji aliitwa Maximilian, mtu wa Michenga. Punda wake wa kijivu alikuwa amesimama ndani ya jaruba la mpunga, tope limemfika magotini.

"Mbona humtoi nje?" Baba aliuliza.

"Anapenda ubaridi, ndugu yangu. Mpandishe mtoto humo humo uone upole wake."

Kweli, Oliva alipopanda, punda alitulia. Baba akalipa, wakaondoka.

Walipofika kwenye barabara ngumu, punda akaanza kuchechemea. Oliva aliteremka, akamwosha mguu kwa maji ya mtaro. Ukwato ulikuwa umepasuka, unatoa usaha, na ndani ya ufa mtu alikuwa ameshindilia kitambaa. Oliva alikichomoa kwa hasira.

"Turudi, baba."

"Tumeshalipa, mwanangu. Mnunuzi ndiye mwenye macho."

"Macho yangu yalionyeshwa tope!"

Wakarudi polepole, wakimkokota punda. Maximilian alikuwa akimsifia mbuzi mbele ya wanunuzi wengine.

"Shikamoo," Oliva alisema, meno yamebanana.

"Marahaba, mama. Mbona mapema?"

"Punda ni mgonjwa."

"Kwangu alitoka mzima. Halafu, si mnachechemea sawasawa? Mtaelewana!"

Wawili watatu walicheka. Oliva akakitupa kile kitambaa miguuni pa Maximilian.

"Mimi mguu wangu sijamficha mtu! Wewe umeuficha wa punda, na ulijua unamwuma. Ulitaka anibebe hivyo hivyo mpaka aanguke?"

Kicheko kilikatika. Mama Aurelia, aliyekuja kununua mbuzi, alifunga tena pesa kwenye pindo la khanga yake. "Kama ndivyo unavyouza, mimi naenda kwingine," alisema. Wengine nao wakaanza kuondoka.

"Jamani, ngojeni!" Maximilian alijikanyaga. Akaleta punda mwingine, jike, akamtembeza barabarani huku na huku mbele ya watu wote. Baba akamkagua kila ukwato ndipo akampokea.

"Na huyu mgonjwa mtibu," Baba alimwambia kwa ukali. "Ungetuambia ukweli, tungechagua wenyewe."

Njiani Oliva, juu ya mgongo wa punda, alikuwa bado amenuna.

"Baba, bado nina hasira naye."

"Kuwa nayo, ni haki yako. Kasoro si aibu, mwanangu, aibu ni kuificha ili umpunje mwenzako. Ila hasira hiyo usiisahau siku utakapokaa sokoni na mchele wenye mawe, mteja akakuuliza, 'Je, ni safi?'"