Mlamba Sakafu

Raba nyeupe ya Basma iliganda sakafuni. Hapo ndipo yalipoanza. Kama unangoja mlango ujifunge wenyewe usiku wa manane, utangoja sana. Jini huyu alikuwa wa mchana. Ilikuwa saa sita, jua limewaka mpaka mabati yanalia, Basma kapita kando ya kitanda cha tisa kwenye wodi ya wanawake wazee, akainua mguu. Mguu ukaja, kiatu kikabaki.

Akainama kukivuta. Kikatoka na uzi mrefu wa ute, kama mlenda wa bamia zilizolala siku mbili sufuriani. Akaunusa. Na wewe ungenusa, usijifanye. Ulinuka mate, mate ya mtu anayelala kinywa wazi na mto wake haujafuliwa mwezi mzima, na juu yake harufu ya chaza waliooza. Basma akapiga deki, akanawa mara tatu. Aliporudi na trei ya dawa, ute uko pale pale, na umetanda zaidi.

"Kuna mtu kamwaga uji," akajisemea.

Angetazama chini ya kitanda siku ile, pengine tungekuwa tumeshamaliza. Lakini kazi ya kutazama ilikuwa na mtu wake.

Mwaka ulikuwa 2008, umeme ndo kwanza umerudi Unguja baada ya mwezi mzima wa vibatari. Chuo cha wauguzi kilichopakana na hospitali ile ya Mji Mkongwe (jina sikutajii, utakuja ukaogopa kulazwa) kilikuwa na kompyuta sita na somo jipya la kwenye mtandao: namna ya kuwazuia wagonjwa wasianguke. Mwalimu wao, Bi Shemsa, alilipenda somo lile kama mtoto wake wa kumzaa. Kila wiki wanafunzi wanane wa mwaka wa pili walitakiwa wasome, kisha wende wodini, wapite vitanda vyote kumi na viwili, wapige magoti, watie mkono sakafuni, watazame uvunguni, halafu warudi kwenye kompyuta wajaze. Sakafu ni kavu? Kitanda kimeshushwa? Kengele iko karibu na mkono wa mgonjwa? Mwisho kabisa mtu anatia jina lake chini ya maneno haya: Nashuhudia kwamba nimekagua kwa macho yangu.

Kazi ya saa mbili. Thuwaini aliimaliza kwa dakika tisa.

Thuwaini alikuwa kijana wa Malindi, nywele zimejaa mafuta na ulimi umezidi. Alikuwa na maneno ya siri ya wenzake wote, ya kufungulia somo kwenye kompyuta. Wodini haendi. Anakaa mbele ya kompyuta na bakuli la urojo, kijiko mkono huu, mkono huu anabonyeza. Kavu, kavu, kavu. Jina la Basma, nashuhudia. Jina la mwengine, nashuhudia. Ujira wake ulikuwa urojo wenyewe. Kila mmoja ana siku yake ya kumletea, na usahau kachori uone atakavyonuna.

"Nyie mnataka mkainame kama mnatafuta sindano," akiwacheka huku rojo ya manjano inamchuruzika kidevuni. "Sakafu ya saruji hiyo. Itafanya nini, iote mkia?"

Wiki tano zikapita hivyo. Mashahidi wanane, na hakuna hata goti moja lililogusa chini.

Wa kwanza kuanguka alikuwa Bi Afra, msusi wa mikeka aliyelazwa kwa ajili ya sukari. Wazee wa wodi ile walikuwa na desturi yao, adhuhuri ikikaribia wanateremka vitandani kwenda kutia udhu. Hebu mwambie bibi wa Kiunguja ajisaidie kwenye chombo kitandani kisha asali na nguo zile zile, uone atakavyokutazama. Basi Bi Afra aliteremsha miguu kitanda cha tisa, akapaa, akaja chini pu!

Walipomwinua, mkono umevunjika na goti limechubuka vibaya. Damu hakuna. Mchubuko ulikuwa mweupe, safi kama sahani iliyolambwa na mtoto mwenye njaa, na ngozi ya pembeni imekunjamana kama kidole kilichokaa majini kutwa.

"Nani kakupangusa, bibi?" Basma akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Hajanipangusa mtu." Bi Afra alimshika ukosi, akamvuta karibu. "Kanilamba. Mwanangu, huko chini mna ulimi."

Bi Shemsa alikwenda kutazama kwenye kompyuta. "Ajabu," alisema. "Wanane nyote mmeshuhudia pakavu. Labda bibi kajikwaa." Nyuma yake Thuwaini alikuwa anamaliza urojo, anafyonza kijiko.

Wiki iliyofuata wakaanguka wawili wengine, kitanda kile kile, saa ile ile. Vidonda vyao vilikutwa vyeupe. Na ute sasa ulikuwa na vitu ndani yake: ganda la kidonda, ukucha mzima, unywele mweupe uliojiviringa, kipande cha bendeji chenye rangi ya usaha. Basma aliuzoa kwa tambara akihisi unapumua mkononi mwake. Chakula kikamshinda. Hata maziwa akiyatazama yanatetemeka kikombeni, anayasukuma.

Halafu akaletwa bibi yake.

Bi Badriya ndiye aliyemlea Basma tangu mama yake afariki. Nyonga yake ilikuwa imepata ufa, na daktari alisema bila ya kuzunguka, "Mifupa imekuwa kama biskuti. Akianguka tena, hainuki." Wodi ilikuwa imejaa. Kitanda kilichobaki kimoja tu, na huna haja ya kuniuliza kipi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huko chuoni mnalishwa makaratasi?"

"Bibi, nnakuomba kitu kimoja. Ukitaka kuteremka, niite. Hata iwe kutia udhu."

"Mamako nlimzaa peke yangu chumbani, hata jirani hakusikia. Leo niite mtu kwenda kunawa miguu?"

Basma akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na nusu. Akatazama chini, akaona ute umeshaanza kutoka uvunguni, unasogea taratibu kufuata kandambili za bibi yake. Na kwa mara ya kwanza tangu somo lile lianze, akafanya alichofundishwa.

Alipiga magoti, na magoti yakazama katika ute wenye uvuguvugu, uvuguvugu wa kinywa, akatia mkono sakafuni, akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa chini, na kule ndani karibu na ukuta, pale alipodhani ameona godoro kuukuu lililokunjwa, godoro likavuta pumzi, likajikunjua, likawa na mgongo uliojaa mba mkubwa mkubwa kama magamba ya samaki, likawa na kichwa kisicho na macho wala pua, mdomo tu kutoka sikio hadi sikio, na mdomoni mkatoka ulimi mpana kama taulo, wa kijivu, ulioota vinyweleo, ukawa unafagia sakafu polepole, kulia, kushoto, kulia, unakusanya maganda na nywele na kucha na kuyarudisha ndani, na yale meno, kama ni meno, yakawa yanatafuna kwa sauti ile ile aliyoizoea kila siku chumba cha kompyuta, sauti ya mtu anayekula urojo.

"Hunioni," kilinong'ona, kinywa kimejaa mate. "Mara ngapi umeandika hunioni?"

Basma akatapika pale pale. Ulimi ukaja, ukayalamba matapishi yote, haukubakisha hata tone.

"Tamu," kikasema. "Lakini huyo wa juu mtamu zaidi."

Alivyotoka mle uvunguni mwenyewe hajui. Alimwambia bibi yake asiteremshe hata kidole, akakimbia mpaka kwa Bi Shemsa, akamwaga yote, Thuwaini, maneno ya siri, urojo, ulimi.

Bi Shemsa akainuka kitini. Uso wake ulizeeka mbele ya Basma.

"Ntafukuzwa, Mwalimu?"

"Hilo la kesho. Leo kuna bibi yako."

Aliyeitwa hakutoka mbali. Alikuwa Bi Zuleikha, mpiga deki wa wodi, ambaye kwao Makunduchi watu humfuata kwa mashetani kabla ya kufuata hospitali. Alichovya kidole kwenye ute, akanusa, akatema mate pembeni.

"Wiki ya tatu hii nnasema hapa pana mtu. Nani anamsikiliza mwenye fagio?" Akajipangusa kidole. "Jini wa uchafu huyu. Anakaa pale jicho lisipofika, lakini huwa anaiba nafasi, anaogopa. Huyu haogopi. Huyu kapewa. Mmeandika na mmeshuhudia kwamba hayupo, basi hakuna wa kumtoa."

"Tumhamishe bibi," Basma akasema.

"Umpeleke wapi? Vitanda vyote kumi na viwili mmemwandikia. Mmempa nyumba bila ya kutazama, mtamtoa kwa kutazama. Kila aliyetia jina apige magoti. Atie mkono mtupu, aseme kwa sauti anachokiona. Akidanganya mmoja, tumekwisha."

Wanane wakaletwa mbio. Bi Zuleikha akatia ubani kwenye chetezo, lakini hata ubani haukuifunika harufu ile, uliichanganya tu, ikawa mbaya zaidi. Wakaanza. "Kitanda cha kwanza, nimetazama, kuna ute." Mkono unatumbukia, unazoa, unakung'uta ndooni. "Cha pili, nimetazama, kuna ute na meno ya bandia." Mmoja alilia. Mwengine alitapika, akazoa na matapishi yake. Na kila walipotazama, ute ulirudi nyuma, unakusanyika upande mmoja. Vitanda kumi na kimoja vikakauka. Kikabaki cha tisa.

"Hicho chako," Bi Zuleikha akamwambia Thuwaini. "Wewe ndo umebonyeza kuliko wote."

"Mimi? Mama, mimi nna mzio wa vumbi."

"Piga magoti!" Bi Shemsa akafoka.

Thuwaini akachuchumaa, akabana pua kwa vidole viwili, akaingiza kichwa uvunguni. Na alipokifikisha, akafumba macho. Akasema kile ambacho kidole chake kilikuwa kimezoea kusema wiki zote zile.

"Pakavu!"

Sakafu nzima ikang'aa. Ute ulirudi kwa kishindo, ndoo ikapinduka, watu wakashikilia vitanda. Wakati huo huo adhana ikaanza msikiti wa jirani, na Bi Badriya, aliyekuwa amestahamili kelele zote, akasikia sauti ya kiume chini yake.

"Mwanamme? Uvunguni kwangu? Astaghfirullah!" Akajivutia ukaya kichwani, akateremsha miguu upande wa pili akimbie.

Ulimi ukamzunguka kifundo cha mguu. Basma aliuona ukikaza, vinyweleo vyote vimesimama, akaona bibi yake anaelea kama nguo iliyokatika kamba, na hakuwa na mkono wa kumfikia. Basi akajirusha chini. Akalala kifudifudi katika ute ule, kinywa, pua, macho, akawa mkeka. Bi Badriya akamwangukia mgongoni. Mbavu za Basma zililia. Nyonga ya bibi haikulia.

Kitu chenye maji moto kikaanza kumlamba shingoni, kinapanda sikioni.

"Thuwaini!" alipiga kelele, na ute ukamwingia kooni, una chumvi, una nywele. "Fumbua macho! Sema!"

Thuwaini akafumbua. Mdomo ulikuwa umbali wa shubiri moja na wa kwake.

"Nnakuona," alisema, na mkojo ukamtoka. "Kitanda cha tisa. Huna macho. Una bendeji menoni. Una... una kucha za Bi Afra. Nimekuona kwa macho yangu, wallahi, nimekuona, si pakavu, hapajawahi kuwa pakavu!"

Bi Zuleikha akakimwagia kile kitu kombe la zafarani, maji yaliyooshewa aya, nacho kikajikunja kama konokono aliyetiwa chumvi, kikajisokota kwenye tundu la maji machafu pembeni ya ukuta, kikaingia chote kwa mfyonzo mmoja mrefu, wa mtu anayemalizia bakuli.

Sakafu ikawa kavu. Thuwaini aliigusa kwa kiganja, akalia kama mtoto.

"Nani atanipa maji safi nitie udhu upya?" Bi Badriya akauliza akiwa bado mgongoni kwa mjukuu wake. "Au sala mnaningojea niilipe kadha, wakati ushapita?"

Walicheka, cheko la watu waliochoka. Basma alimrudisha bibi kitandani kwa mikono yake, akampandishia vizuizi, akamwekea kengele kiganjani na kumfumba vidole. Bibi, kwa ubishi wake wote, safari hii aliishika.

Kisha Bi Shemsa akawachukua Basma na Thuwaini chumba cha kompyuta. Alitaka kuufuta ushahidi ule wa uongo mbele ya macho yao, jina moja moja.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kama alivyouacha. Kompyuta ya mwisho ilikuwa inawaka. Mezani pana bakuli la Thuwaini la asubuhi, halina hata tone, linang'aa, na kutoka kwenye bakuli ute unashuka juu ya vibonyezo, unadondoka sakafuni. To. To.

Bi Shemsa akasogea kusoma. Orodha ya wanafunzi ilikuwa na majina manane. Sasa kulikuwa na mstari wa tisa, mahali pa jina patupu, umejazwa dakika tatu tu nyuma. Vitanda vyote vimekaguliwa. Kavu, kavu, kavu. Nashuhudia.

"Mwalimu," Thuwaini akanong'ona, "hiyo si wodi yetu."

Juu palikuwa pameandikwa wodi ya wazazi, ghorofa ya pili. Na chini, kwa herufi kubwa za kijani: Hongera, umefaulu.

Basma hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi za hospitali, anapanda mbili mbili, na huko juu anasikia wanawake wanazungumza na kitoto kichanga kinalia. Kwenye ngazi ya saba akainua mguu.

Mguu ukaja. Kiatu kikabaki.