Khanga za Salhiya Ukutani

Jua lilikuwa linazama nilipotoka Kikwajuni kwa Simai, fundi wa makochi, na gunia la mwisho la usumba begani. Simai aliniuliza nyuzi zote zile za makumbi nazipeleka wapi. Nikamwambia nakwenda kukiziba chumba mdomo. Alicheka. Mimi tangu nimzike mke wangu Salhiya, kucheka kumenishinda.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, kuta nene za mawe, dari la boriti liko juu kupita haja. Ukipiga kofi moja, chumba kinakurudishia mengi. Spika zangu ni nzuri, na wananichosha wanaoniambia ninunue kubwa zaidi. Mtu anabadilisha spika kila mwaka, chumba chenyewe hajakisikiliza hata siku moja.

Na nilichotaka kusikia kilikuwa kimoja tu. Jioni moja Salhiya alijirekodi kwenye simu, humo humo chumbani, akijifunza wimbo wa harusi ya shoga yake. Siku chache baadaye alifariki kwa homa isiyojulikana. Rekodi niliikuta baada ya matanga. Simu aliishika karibu na mdomo, sauti ilikuwa safi. Kuta ndizo zilizoivuruga. Neno halijaisha, mwangwi wake unarudi kulikanyaga la pili.

Basi nilitengeneza fremu za mbao, nikazishindilia usumba, nikazivika khanga, maana khanga ni nyepesi, sauti hupenya ikanaswa ndani. Sakafuni nikatandika zulia zito. Pembeni, ambako bezi, ile sauti nzito ya chini, hujikusanya, nikasimamisha magodoro ya sufi.

Khanga zilikuwa za Salhiya. Kwetu nguo za marehemu hutolewa, wakapewa waliomwosha na jamaa zake. Nilizitoa zote, khanga nikazificha. Sikuweza kuachana nazo.

Nilipotundika fremu ya mwisho, adhana ya Magharibi ilikuwa imeshakwisha. Nikapiga kofi.

Pa.

Chumba hakikujibu kitu.

Nikawasha rekodi. Ya Rabbi… Salhiya alikuwa mbele yangu. Nilisikia midomo yake ikiachana kabla ya neno. Bangili zikigusana. Pumzi anayoivuta kabla ya kuupandisha wimbo. Nililia mpaka kifua kikaniuma, na nilikuwa na furaha, nisiseme uongo.

Halafu, baina ya ubeti na ubeti, nikasikia kitu ambacho mwangwi ulikuwa ukikificha. Mbali, kama chini ya ngazi, mwanamume anaita.

"Salhiya…"

Naye akaitika upesi: "Naam, nnakuja."

Sauti iliyomwita ilikuwa yangu.

Rekodi ina tarehe na saa: Magharibi ya siku ile mimi nilikuwa Chukwani, kwenye khitma ya ami yangu. Niliporudi nilimkuta amelala, homa imeshamwingia.

Tangu wadogo tunafundishwa: ukiitwa Magharibi na humwoni anayekuita, usiitike. Salhiya alilijua hilo. Lakini mke gani hamwitikii mumewe?

Nikampigia mama yake, Bi Mwatima, akaja kesho yake kutoka Jambiani. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba huku macho yake yakiwa ukutani. Akazigusa khanga moja moja.

"Hizi hukuzitoa?"

"Sikuweza, mama."

"Ungezitoa, mwanangu. Kilichomchukua kinaijua harufu yake. Kitarudi."

Hata hivyo aliomba asikie. Nikamwekea. Ulipofika ule mwito alishika kifua, nami nikazima na kuchomoa waya. Nje adhana ya Magharibi ilikuwa inamalizika. Chumbani kukaanza kunukia asumini, kama Salhiya anapotoka kuoga.

Ngazi ikalia. Hatua moja… nyengine…

"Mama…"

Ilikuwa sauti ya mwanawe. Na ilikuwa na mwangwi. Chumba changu hakina mwangwi tena, lakini sauti ile ilikuwa nao, ule ule wa kuta za mawe, ikirudi na kurudi. Kama anaita kutoka chumba chetu jinsi kilivyokuwa siku aliyoitika.

Bi Mwatima akafungua mdomo. Mkwe wangu, mtu ambaye mbele yake hata miguu siinyooshi… nilimrukia nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Mcha… mbona huniitikii?"

Hilo ni jina langu. Nilisahau kila nilichofundishwa. Ulimi ulikuwa umeshainuka, na kiganja cha Bi Mwatima kikaniwahi.

Tulikaa hivyo, kila mmoja kamziba mwenziwe, machozi yake yakinipitia vidoleni, mpaka adhana ya Isha. Harufu ikaondoka.

Aliniamrisha nizitoe khanga usiku ule ule. Niliteremsha fremu moja nikaikumbatia. Nikamwambia zikitoka hizi usumba utamwagika, na kuta zitaimeza tena ile pumzi yake. Bi Mwatima akaigusa ile khanga kifuani pangu. Kisha akaniomba nimwekee rekodi mara moja tu, tutazitoa kesho.

Hatujazitoa. Alihamia kwangu, na kila Magharibi tunakaa tukitazamana, mikono tayari.

Leo asubuhi alikwenda Jambiani kumzika jamaa yake. Sasa hivi kanipigia, gari limewaharibikia njiani, hatawahi Magharibi. Kanisihi nitoke nikakae Forodhani penye watu. Nikamwambia, "Nnatoka, mama."

Sijatoka. Nimekaa zuliani, spika nimezizima, na khanga ya karibu na mlango imeshaanza kunukia. Nimejiziba mdomo kwa kiganja changu mwenyewe. Lakini nimemkumbuka sana, na kiganja hiki ni changu, nikitaka kukiondoa hakuna wa kunizuia.