Nukta za Maktaba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alimshikia shangazi yake tochi. Shangazi alikuwa fundi wa redio na simu, na chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: meza moja ndefu, redio zilizovuliwa mifuniko, na bisibisi za kila umbo.

"Mwanga shusha kidogo, mwanangu. Unanimulika pua."

"Shangazi, nitachelewa. Leo tunamaliza grafu."

"Wewe kila kitu unataka kukimaliza," shangazi alisema bila kuinua kichwa. "Haya nenda, nitaishika tochi kwa meno."

Jina lake la daftarini lilikuwa jingine, lakini tangu alipoanza kutembea, akikimbilia mlango kabla hajajua kusimama, nyumba nzima ilimwita Kiherehere. Shuleni jina lilimfuata.

Grafu yenyewe ilikuwa hivi. Shule ilikuwa na kikasha kimoja cha kurushia intaneti, kimewekwa juu ya kigoda ofisini kwa mwalimu mkuu. Ofisini intaneti ilikimbia. Maktabani, zilikokuwa kompyuta za wanafunzi, ilijikokota, na mara nyingi ilikata kabisa. Mwalimu wa sayansi aliwaazima wanafunzi watatu simu yake yenye programu ya kupima nguvu ya mawimbi, akawaambia, "Nitafutieni sababu." Watatu hao walikuwa Kiherehere, rafiki yake Kidoti, na mvulana wa miwani aliyeitwa Profesa kwa kuwa aliongea kama kitabu. Kazi yao ingepelekwa kwenye maonyesho ya sayansi.

Walikuwa wamepima kila chumba kwa nyakati mbalimbali. Sasa Profesa alikuwa mbele ya kompyuta, akiingiza namba kwenye programu ya kuchora grafu, mojawapo ya hizi programu za siku hizi zilizofundishwa kwa mifano mingi hata zikaweza kukisia. Mstari ulishuka vizuri: kila ukuta ulivyoongezeka, nguvu ilipungua. Ila nukta chache za maktaba zilikaa juu, mbali na nyingine, kama watoto waliokataa kupanga foleni. Programu ilizipaka rangi nyekundu, ikauliza: "Huenda ni makosa. Niziondoe?"

"Ondoa," alisema Kiherehere, na kabla Profesa hajasogeza mkono alishabonyeza mwenyewe.

Kidoti alikuja na kikombe cha maji mkononi, akainama kutazama. "Vipimo vyangu vya maktaba viko wapi?"

"Programu imeona ni makosa," alisema Profesa. "Imejifunza kwa maelfu ya grafu. Wewe umejifunza kwa ngapi?"

"Imewahi kuingia maktaba yetu?"

"Kidoti, usituharibie," alisema Kiherehere. "Tazama mstari ulivyonyooka. Pengine mkono wako ulitetemeka."

Kidoti aliweka kikombe chini taratibu. "Basi futeni na jina langu."

"Jina tulifute kwa nini? Kazi si tumefanya wote?"

"Mtu akija kuniuliza habari za maktaba, nitamjibu nini? Kitu nisichokiamini?" Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Mwalimu mkuu alipopita na kuiona grafu, alifurahi. "Kumbe ni kuta. Maktaba iko mbali mno. Basi keshokutwa vitabu na kompyuta tutavihamishia stoo, pale jirani na ofisi yangu."

Mama mkutubi, aliyekuwa nyuma yake, alishika kiuno. "Stoo haina dirisha, mwalimu mkuu. Watoto watasoma kwa kupapasa?"

"Watoto wenyewe ndio waliopima, mama. Mimi nibishane na vipimo?"

Kiherehere alitabasamu, lakini macho yake yalirudi kwenye kikombe alichokiacha Kidoti.

Jioni alimsimulia shangazi, akitegemea kuambiwa kwamba Kidoti ni mkaidi. Shangazi alisikiliza huku akipuliza vumbi ndani ya redio.

"Hii ni ya kinyozi," alisema. "Jioni inaimba, asubuhi kimya. Nikijifanya sijaisikia ikiimba jioni, nitamwambia kinyozi nini?"

"Kwamba imekufa."

"Nayo haijafa." Shangazi aliifunika redio kwa kitambaa. "Mwenzako alipima saa ngapi?"

"Asubuhi kabla ya kengele. Na jioni, watu wakishaondoka."

"Na wewe?"

"Mchana."

"Mchana kuna nini hapo shuleni ambacho asubuhi na jioni hakipo?"

Kiherehere alianza kuhesabu kwa vidole, haraka kama kawaida yake. Jua? Joto? Vumbi? Swali lilimwasha kuliko kuumwa na mbu. Alilala nalo, akaamka nalo.

Asubuhi alimkuta Kidoti bombani akiosha miguu.

"Mkono wako haukutetemeka," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Nisamehe."

Kidoti alimwangalia. "Umekuja kuomba msamaha au umekuja na swali?"

"Vyote viwili."

"Nilijua. Lete swali."

Kwanza walikwenda kwa mwalimu wa sayansi, mama mrefu mwenye chaki hadi kwenye viwiko. Kiherehere alisema yote, hata sehemu ambayo angependa kuiruka. "Programu iliuliza, mwalimu."

"Iliuliza. Na aliyejibu ni nani?"

"Ni mimi."

Mwalimu alimpa simu ya kupimia. "Vitabu vinahamishwa kesho. Mna leo tu."

Profesa alijiunga nao, akinung'unika kwamba nukta mbaya ni nukta mbaya. Walifungua milango yote wakapima, wakaifunga wakapima. Hakuna tofauti ya maana. Walizima taa za maktaba, wakaziwasha. Vilevile. Kengele ya kuingia ilipolia, Kidoti alikuwa bado ameishika simu, na mbele ya macho yao namba ikaanza kushuka, ikashuka tena, ikatulia chini.

"Nani amegusa kitu?" aliuliza Profesa.

Hakuna aliyegusa. Ila upande wa pili wa ukuta, kati ya maktaba na ofisi, viti vilikuwa vinaburutwa na sauti nyembamba zinagombania nafasi. Darasa la kwanza lilikuwa limeingia, watoto wamebanana kama vijiti ndani ya kibiriti.

Kiherehere na Kidoti walitazamana. Kiherehere alikwenda kumwomba mwalimu wa darasa la kwanza awatoe watoto uwanjani kidogo.

"Tumefanya nini?" kiliuliza kitoto kimoja chenye pengo.

"Mnaziba intaneti," alisema Profesa.

"Si mimi. Ni huyu."

Walipotoka, namba ilipanda. Waliporudi, ilishuka. Wakawatoa tena na kuwarudisha tena, hadi mwalimu wao akasema sasa basi, hawa si maji ya bomba ya kufunguliwa na kufungwa.

"Lakini kwa kweli ni maji," alisema mwalimu wa sayansi alipoitwa, akicheka. "Sehemu kubwa ya mwili wa mtu ni maji, na maji hunyonya mawimbi ya namna hii. Kikasha kiko juu ya kigoda, sawasawa na vifua vya watoto walioketi. Mmepata ukuta unaoingia kwa kengele na kutoka kwa kengele."

"Tukikiinua je?" aliuliza Kidoti. "Kipite juu ya vichwa?"

Mwalimu mkuu alipoelezwa, mwenyewe alipanda kwenye kiti, akakitundika kikasha karibu na dari. Darasa la kwanza likiwa limejaa, maktaba ilipata intaneti. Haikuwa kali kama chumba kikiwa kitupu, na Profesa aliiandika namba hiyo hivyohivyo ilivyokuwa. Kompyuta zilifungua masomo. Mama mkutubi, aliyekwishaanza kufunga vitabu kwa kamba, alianza kuzifungua, akiimba puani.

Grafu mpya haikunyooka. Ilikuwa na nukta zote. Chini yake ilibaki nafasi ya majina, na hapo darasa la kwanza lilidai kuandikwa lote.

"Wao tutawashukuru," alisema mwalimu wa sayansi. "Walitusaidia."

"Na programu je?" aliuliza Profesa. "Nayo ilifanya kazi."

"Mtu akiuliza kwenye maonyesho, itasimama kujibu?"

Profesa alisukuma miwani yake. "Haitasimama."

"Basi tutaeleza kwamba tuliitumia, na tutaeleza ilipokosea. Ile iliona namba, haikuwaona watoto." Mwalimu aliwageukia wote watatu. "Jina chini ya kazi si pambo. Ni kusema: haya nimeyaona, na ukiwa na shaka, niulize mimi. Kipimo kisichokupendeza ukikifuta, umemdanganya atakayekuamini. Ukikifuatilia, ndipo unapojifunza. Kidoti alikubali kupoteza jina lake kuliko kuliweka juu ya asichokiamini. Kiherehere amekubali kurudi nyuma, na kwake yeye hilo si jambo dogo."

Kiherehere alichukua kalamu, akamkabidhi Kidoti. "Anza wewe."

Kidoti hakuandika mara moja. Aliinama, akaikagua grafu nukta moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole, hadi ya mwisho. Kisha akaandika jina lake.