Jiwe ya Kabasha na Jina ya Shemeji Yangu

Niko mwanaume wa myaka makumi ine na tatu, baba ya batoto bane, ninakaa hapa Mususa, Butembo. Nilisoma tu mupaka ya sita primaire. Lakini niko na tabia moja: kila siku ninaandika ndani ya kaye yangu mambo yenye nilifanya. Ile kaye njo iliniumbua...

Basomaji wenzangu, sijue kama nitaeleza muzuri. Pengine kuko fasi nitajitetea bila kujua. Mukiona vile, munihukumu tu.

Nilikuwa na gari ndogo ya usukani (volant) kuume, yenye ilipitia Kasindi, ku mupaka wa inchi, kama zingine zote za hapa. Ilikuwa inabeba bantu Butembo-Beni. Tuliiendesha bawili: miye na Kasereka, ndugu mudogo wa bibi yangu. Lundi mupaka mercredi, siku tatu za kwanza za juma, ni yeye; jeudi mupaka samedi, siku tatu za mwisho, ni miye. Lazima niseme kweli: kijana mwenye haki! Hakukunywa pombe, alikuwa anaimba ku chorale ya paruasi, na mama-mukwe alizoea kusema huyu njo fimbo yake ya uzee.

Siku moja gari ikaanza kuvuta kuume. Ukiachia volant kidogo tu, inataka mufereji. Mama mumoja mwenye kubeba ndizi, alikuwa amekaa nyuma, akasema: "Papa chauffeur, gari yako inakumbuka kwao! Inataka kurudia Kasindi!" Bote bakacheka. Na miye nikacheka...

Kisha nikaona pneu, ule mupira wa gurudumu ya mbele ya kuume, inakulika upande wa ndani. Inje ilikuwa ingali na meno, ndani ilikuwa laini kama kichwa ya muzee.

Tukaipeleka kwa fundi wetu, papa mumoja wa mvi pale Mususa. Akainama, akapapasa ile pneu pole pole kama mutu anapapasa ng'ombe ya mimba. Akauliza swali moja: "Mulipiga fasi gani?"

Nikajibu bila kungoja: "Miye? Hapana! Uliza shemeji."

Je, nilidanganya? Ao nilikuwa nimesahau? Mupaka leo ninajiuliza...

Kasereka aliapa hakupiga kitu. Fundi akapima magurudumu na kamba, akanyoosha kidogo, akatuonya: kama inarudilia, tulete gari afungue chini. Nyuma ya juma moja, ilirudilia.

Miye sikurudi kwake. Nilifanya yenye sisi bachauffeur bengi tunafanya: kila dimanche nyuma ya misa, ninatoa pneu ya kuume ninaitia kushoto, ya kushoto ninaitia kuume, ili zikulike sawasawa. Hivi mutu akiangalia gari, anaona iko muzima. Tunaita ile akili! Kumbe ni kufuta alama ya ugonjwa mbele munganga afike.

Kasereka alinikuta siku moja ndani ya ile kazi. Akanambia na heshima yake yote: "Shemeji, ukishamaliza kubadilisha, sikiliza volant. Kama sasa inavuta kushoto, kosa ni ya pneu. Kama inabakia kuvuta kuume, kosa iko chini, ku chuma. Tufungue, shemeji."

Nikamujibu: "Unanifundisha gari yangu? Kosa iko ku mikono yako!"

Basi gari ilibakia kuvuta kuume. Nilisikia ile na mikono yangu miwili, jeudi, vendredi, samedi. Na nikanyamaza... Kwa nini nilinyamaza?

Mercredi moja, karibu na Maboya, pneu ya mbele ya kuume ikapasuka. Kasereka alikuwa ku volant. Gari ikaingia mufereji. Hapana mutu alikufa, lakini mama mumoja alivunjika mukono. Jamaa ikakusanyika. Nikasimama mbele ya bazee, nikasema huyu kijana anapiga gari ovyo ovyo, anaharibu, kisha anaficha. Niliongea kwa nguvu. Nilijisikia niko na haki!

Kasereka aliomba musamaha kwa juu ya ule mama, juu gari ilikuwa mikononi mwake. Kisha akatabasamu kidogo: "Lakini kupiga, hapana, shemeji. Uliza kaye yako, weye unaandika byote, hata bei ya mboga ya sombe."

Bantu bakacheka. Bibi yangu pia alicheka. Miye sikufungua ile kaye. Ilikuwa ku meza, hatua tatu tu!

Bazee bakaamua aache gari. Ku parking, fasi magari inangojea bantu, hapana mutu alitaka tena kumupatia gari ingine, jina yake ilikuwa imekwisha kuharibika. Chorale pia aliacha, alisikia haya. Akaenda ngambo ya Oicha, kupita Beni, kulima kakao mu shamba ya mutu. Bibi yangu alimuomba asiende kule. Tunajua bote kwa nini: kule bantu ya bunduki banaua balimaji mashambani. Akajibu, fasi ingine ya kazi iko wapi?

Nilitia pneu mupya, nikaendesha peke yangu, siku zote za juma. Lakini siku zikipita... ile mupya nayo ikaanza kukulika, ndani, upande ule ule! Sasa ningesingizia nani?

Nikarudi kwa fundi. Akanyanyua gari na cric, akafungua gurudumu. Ile chuma ya chini yenye kushika gurudumu, benyewe banaiita triangle, ilikuwa imekunjika. Fasi ya pigo ilikuwa na kutu nzito. Akasema: "Papa, hii ni pigo ya zamani. Ilitangulia ajali."

Nikafika nyumba, nikafungua kaye. Nikarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Kumbe iko! Mwandiko ni yangu: *Samedi. Kabasha, njiani ya Beni. Nilikwepa mbuzi, nikapiga jiwe na gurudumu ya mbele ya kuume. Nilishuka, sikuona kitu. Mungu asifiwe. Sitamwambia Kasereka, atanicheka.*

Atanicheka... Juu ya kicheko tu!

Nilimusomea bibi yangu. Hakulia. Aliniuliza tu: "Njo yenye ndugu yangu alikuambia uangalie?"

Simu ya Kasereka ilikuwa haipite tena. Nilienda Oicha miye mwenyewe. Bakaniambia masasi ililia kule mashambani, batumikaji bakatawanyika. Bamoja bakafika Beni, bengine hapana. Nikitaja jina yake, bantu banatikisa kichwa. Nilienda mara tatu.

Niliita tena bazee bale bale, nikabasomea ule ukurasa. Bakanisamehe. Lakini mwenye kunisamehe kweli hakuwa pale. Mama-mukwe ananiuliza kila dimanche: "Umepata habari?" Haniulize kwa ubaya. Njo ile inauma zaidi.

Basomaji, ninabaomba. Gari ikivuta, musianze na kuuliza nani aliendesha. Mubadilishe pneu, musikilize, mufungue chini. Na mutu akipiga jiwe, aseme siku ile ile, hata bamucheke mupaka machozi itoke. Kicheko inapita!

Triangle ilibadilishwa. Gari haivute tena. Ninafika nayo Beni, ninaangalia barabara yenye kuenda Oicha, ninageuza.

Kasereka, kama kuko mutu anakusomea hii: ni miye nilipiga.