Birika Jekundu Kwenye Gari la Mzee Chamsudine

Rachida alikuwa anageuza vitumbua nje ya nyumba yake, karibu na soko la Palma, aliposikia ngurumo. Alidhani ni lori la kokoto. Kuku wakakimbia. Kwenye kona kikatokea kigari kifupi, chekundu kama pilipili. Tumbo lake lilikaribia kugusa mchanga. Mgongoni kilibeba bawa pana kama ubao wa kukatia papa.

Mlango ulifunguka. Ukatoka mguu mmoja. Baada ya muda ukatoka wa pili. Mwisho, kwa kusukuma na kujivuta, akatoka mume wake, Mzee Chamsudine, kofia imelala upande.

"Mama Aiuba," alisema, "gari lako limefika."

"Langu? Mimi nimekosa nini?"

Majirani wakacheka. Chamsudine naye akacheka, maana alikuwa na furaha ya bwana harusi.

Chamsudine ni mvuvi. Alikuwa na maboti mawili, kila moja na mashine yake. Aliuza moja, akanunua gari hili kwa kijana Dércio, aliyemaliza kazi kwenye mradi wa gesi na kurudi kwao Maputo. Dércio alilipenda gari lake, akalipamba kama mwali. Alilifungia turbo ili likimbie zaidi. Aliweka spika kubwa, bomba la kunguruma, na taa za kila rangi.

Lakini Chamsudine hakununua kwa ajili ya mapambo. Alinunua kwa ajili ya magoti ya mkewe. Rachida hawezi tena kupanda pikipiki. Dada yake mkubwa, Ancha, anaishi Kionga. Tangu watu warudi makwao baada ya miaka ya kukimbia vita, ndugu hawa wawili wamesikiana kwenye simu tu. Na macho ya Ancha yanaingia ukungu. Siku moja alisema, "Rachida, njoo nikuone uso, kabla macho yangu hayajafunga duka."

Rachida alilia siku ile. Chamsudine alimwona. Ndiyo maana gari likaja.

Asubuhi ya safari, Chamsudine alichukua dumu la petroli. Akamimina ndani yake oleo, yale mafuta mazito ya mashine. Akatikisa, akajaza tangi la gari.

"Unafanya nini?" Rachida aliuliza.

"Nalilisha. Dércio alisema gari hili linapenda oleo, niangalie kila asubuhi. Kijana alitaka hata kunifungulia boneti anionyeshe. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimechanganya petroli na oleo kabla baba yako hajaota ndevu."

Walipoondoka, gari lilitoa moshi wa bluu mtaa mzima.

"Mzee, unafukuza mbu?" jirani alipiga kelele.

Njiani Rachida alishika sufuria ya vitumbua mapajani. Alitazama taa ndogo mbele ya usukani wa mume wake. Zilikuwa nyingi kama duka la simu.

"Baba Aiuba, mbona kuna birika dogo jekundu linawaka? Linadondosha tone."

"Pambo hilo."

"Birika ni pambo la gari?"

"Vijana wa Maputo wanapenda chai."

Rachida hakuridhika. Birika liliendelea kuwaka. Baadaye injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko-ko, kama mtu anayetwanga kwenye kinu kikavu. Chamsudine akaongeza sauti ya redio. Ndiyo, alifanya hivyo. Na wewe usimcheke sana. Mara injini ikapiga kelele moja ya chuma, ikanyamaza. Gari likasimama porini, na redio bado inaimba.

Chamsudine alizungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, akaliita gari kwa maneno matamu ambayo Rachida hakuwa ameyasikia tangu ujana.

"Ungeniita mimi hivyo," alisema Rachida, "ningewaka."

Lakini simu ilipolia, utani ulimwisha. Alikuwa Ancha.

"Mmefika wapi? Nimepika kuku. Nimekaa mlangoni, kwenye mwanga, nikuone vizuri."

Rachida alimwambia gari limekufa njiani. Chamsudine alimsikia. Akatazama bawa la gari, akaona aibu.

Lori la saruji liliwavuta mpaka ofisina, yaani gereji, ya Judite, pale Palma. Judite ni fundi aliyezaliwa Mueda, akasomea kazi yake Pemba. Ana mikono mipana na kicheko cha haraka.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Nani amekuja kwenye mashindano?"

"Marahaba. Mimi," alisema Chamsudine. "Na nimeshindwa."

Judite alifungua boneti. Akavuta kijiti chembamba cha chuma, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Mzee, mara ya mwisho umeweka lini oleo?"

"Leo asubuhi! Ya kutosha."

"Wapi?"

"Kwenye petroli."

Judite alitaka kucheka, akajizuia. Akavuta vigoda, wakakaa.

"Mzee, mashine ya boti lako inakunywa oleo pamoja na petroli. Umekuwa ukifanya sawa kabisa, kwa boti. Lakini gari lina tumbo lake la oleo, huku chini. Oleo hiyo inazunguka ndani ya injini na kurudi, ili vyuma viteleze. Ukiiweka kwenye petroli, inaungua tu na kutoa moshi. Vyuma haivifikii."

"Kwa hiyo nimeliua kwa njaa huku nikilishindilia chakula."

"Kweli. Na hili lina turbo. Turbo ni kama mivukuto ya mhunzi, inausukuma moto mpaka injini ifanye kazi kupita nguvu zake. Gari kama hili, tena limeshatumika, linamaliza oleo upesi. Kijana alikuambia kweli, uangalie kila asubuhi."

"Na birika?" Rachida aliuliza.

"Birika gani, mama?"

"Jekundu, mbele ya usukani. Nilimwambia."

Judite alishika kichwa. "Mama, hiyo ni picha ya kopo la oleo! Likiwaka, maana yake oleo haizunguki. Hakuna kusema tutafika pale mbele. Unasimama hapo hapo, unazima injini. Mngesimama, labda tungeokoa."

Chamsudine alimtazama mkewe. "Mama Aiuba, ulikuwa fundi, mimi nikakupa habari za chai."

"Nitakusamehe," alisema Rachida. "Nikimwona dada yangu."

Injini ile haikufaa tena. Vyuma vilikamatana. Lakini Judite alisikia kwamba kwa Rafique kinyozi kuna gari la aina hiyo hiyo lililogongwa nyuma, na injini yake ni nzima, ya kawaida, bila turbo.

Rafique hakutaka fedha nyingi. Alitaka zile spika na lile bawa. Chamsudine alitaka kukubali papo hapo. Judite akamvuta shati.

"Subiri mzee. Safari hii tunaangalia kwanza."

Akagusa injini kwa kiganja. "Ni baridi. Vizuri. Muuzaji akikuwashia mapema, injini ya moto inaficha maradhi. Sasa vua kifuniko cha oleo. Ukiona utelezi mweupe kama maziwa, maji yameingia ndani, tunaondoka." Hapakuwa na maziwa. Wakaiwasha. Judite akamwita Rachida asimame nyuma.

"Mama, moshi wa bluu?"

"Hakuna. Hata mbu hawajashtuka."

Hapo ndipo walipokubaliana. Judite alifunga injini mpya, akasafisha tangi, akainua gari kidogo kutoka ardhini. Bawa likawa benchi la wateja nje ya banda la kinyozi, na watu wanasema ni benchi zuri.

Asubuhi ya safari ya pili, kabla ya kuwasha, Chamsudine alifungua boneti. Alivuta kijiti, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakivuta tena. Rachida akainama pamoja naye.

"Oleo iko wapi?" aliuliza.

"Katikati ya alama mbili. Ikishuka chini ya hii, naongeza. Isipite hii ya juu."

"Na birika?"

Chamsudine alizungusha ufunguo. Birika liliwaka kidogo. Injini ilipokubali, likazimika.

"Limezimika, fundi wangu. Ruhusa?"

"Twende."

Walikwenda polepole. Mwendesha pikipiki aliyebeba mbuzi aliwapita, na Chamsudine akamwacha apite. Walifika Kionga jua likiwa juu.

Ancha alikuwa mlangoni. Alimsogeza Rachida mpaka kwenye mwanga, akamshika mashavu, akamkodolea macho kwa muda mrefu.

"Dada, unaniona?"

"Nakuona. Umezeeka."

"Na wewe."

"Mimi sijioni, kwa hiyo sihesabu."

Wakakumbatiana, wakacheka, wakalia. Chamsudine alienda kutazama kuku wa jirani, ambao hawakuwa na jambo lolote la kutazama.

Walipokula, Rachida alisema hospitali ya Palma itapokea daktari wa macho, na ukungu wa namna ile mara nyingine huondolewa. "Njoo nasi, dada. Akupime."

Ancha hakusubiri kubembelezwa. Alifunga khanga zake, akamchukua na jogoo. Chamsudine alipima oleo tena, gari limepoa, wanawake wawili wamesimama pembeni yake kama wakaguzi. Kisha Ancha akafungua mlango wa mbele, akakaa.

"Mkubwa anakaa mbele," alisema.

Basi Rachida alijikunja kwenye kile kiti chembamba cha nyuma, pamoja na jogoo. Magoti yalimuuma njia nzima mpaka Palma. Mkono wake ulikuwa begani kwa dada yake.