Kadi Iliyolala Katika Kitabu cha Nyimbo

Mwaka ule kampuni moja ya simu ilifika Masisi centre na mwavuli mkubwa, spika mbili na ahadi tamu: kila mteja mpya angepata bonasi ya kuongea bure mwezi mzima, na fulana juu yake. Ilikuwa siku ya soko. Watu waliacha maharage yao chini wakapanga mstari. Ndipo Umurerwa alipomwona kijana mmoja akipita mbele ya meza kwa mara ya tatu, na kila mara ana kofia nyingine.

Asubuhi alikuwa na kofia pana ya wachunga ng'ombe. Saa nne alirudi na kofia ya sufu. Sasa, saa sita juani, alikuwa amevaa kofia ya kwaya ya kanisa, na jasho lilikuwa likimtiririka mashavuni.

"Kaka," Umurerwa alimwambia kwa sauti ya chini, "kichwa iko moja. Kofia tu njo zinabadilika."

Kijana, jina lake Esdras, aligeuka akiwa na uso wa mtu aliyefumaniwa. Mbele yake alisimama msichana mrefu, kitenge cha njano kimemkaa sawasawa kiunoni, viatu vimejaa tope la njia ya kwao Kingi. Alisahau mara moja uongo aliotaka kuusema.

"Dada, usiniuze," alinong'ona. "Ya kwanza ilikuwa karte yangu. Ya pili, ya kaka yangu Benoît. Hii ni ya mujomba. Sasa nimebakia bila karte. Weye uko nayo?"

"Ya kufanya nini?"

"Ujiandikishe. Unipatie namba, weye ubakie na fulana."

"Na bonasi?"

"Bonasi nitaimalizia kwa kukuita weye."

Nimewasikia wanaume wakitongoza kwa kila njia, lakini kumtongoza msichana kwa dakika atakazotoa yeye mwenyewe, hilo lilikuwa jipya. Umurerwa alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akatoa kitambulisho chake, karte ya uchaguzi, akajiandikisha, akamkabidhi Esdras ile kadi ndogo ya simu.

"Iko kwa jina langu," alimwonya. "Ukifanya nayo ujinga, ni miye watafunga."

"Hii haitatoka kwangu," Esdras alisema. Na alisema kweli. Kama angekuwa mwongo kidogo, wasingeteseka vile.

Miezi miwili baadaye Umurerwa, aliyekuwa amemaliza shule ya uuguzi, alipelekwa kufanya kazi kwenye kituo cha afya Walikale, ndani msituni. Huko rezo, mtandao wa simu, ilipatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya kituo, karibu na kisiki. Kila Jumapili baada ya ibada alipanda na simu yake, sketi ameikunja mkononi isiguse majani yenye maji. Na kila Jumapili simu iliita, na kila mwezi ilikuwa namba asiyoijua.

"Allo? Ni nani?"

"Ni wako."

"Hii namba ni ya wapi tena? Mwezi uliopita ilikuwa ingine."

"Ile bonasi ilikufa, sheri. Leo niko mugeni tena."

"Esdras, kila mwezi uko mugeni. Siku moja utajiandikisha kwangu pia kama mugeni, ukule bonasi, uende."

"Kwako nilikwisha kujiandikisha. Na sikuomba hata fulana."

Wakati ule watu waliongea mpaka sikio linapata moto, hata walipokuwa hawana la kusema. Esdras aliweza kumweleza dakika kumi jinsi maziwa yalivyoganda, naye akasikiliza kama ni habari za dunia. Siku nyingine walinyamaza tu, kila mmoja akisikia mvua ya mwenzake. Ninawakumbuka na ninawaonea wivu. Umurerwa aliandika kila namba mpya nyuma ya daftari lake, na zikafika nane.

"Sasa nikikuwa na neno kubwa, nitume kwa namba gani?" alimwuliza siku moja.

"Zingine zote ni za kucheka. Ile ya kwanza, ya jina lako, njo ya maneno makubwa. Tuma pale."

Lakini simu ya Esdras ilikuwa na nafasi ya kadi moja tu, na nafasi hiyo ilikuwa daima na mgeni mpya. Mwanzoni, kila Jumamosi, aliirudisha kadi ya Umurerwa, akaangalia kama kuna ujumbe, akaitoa. Kisha akaanza kuogopa. Kitu kidogo vile, kikianguka sokoni utakitafuta wapi? Aliifunga katika karatasi, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, hapo ambapo hakuna mkono wa mwizi unaofika. Msimu wa viazi ukamchukua kwenda Kirolirwe, akazunguka vilima miezi mingi akinunua kwa wakulima. Kadi ililala. Yeye alijua iko salama, na moyo wake ukatulia.

Ni katika msimu huo Papa Twizeyimana, baba yake Umurerwa, alipokubali binti aolewe na Esdras. Alikuwa mzee mkali wa Kingi, na kulipata neno lake kulichukua karibu mwaka. Alitaja siku ambayo wazee wa kijana wafike kwake kubisha hodi na kumwomba binti.

Umurerwa alipanda kilima akikimbia. Alipiga namba ya nane, haikupatikana. Ya saba, haikupatikana. Zote za kucheka zilikuwa zimekufa, na Esdras alikuwa mahali pasipo na rezo. Hakuogopa. Aliandika kwa namba ya kwanza: "Papa amekubali. Ukuje na wazee siku ya posho tarehe kumi na ine. Usichelewe, mupenzi." Simu ilimwonyesha kwamba ujumbe umefika, naye akaibusu.

Jumamosi hiyo, siku ya posho yenyewe, Papa Twizeyimana alivaa suti yake ya kahawia. Viti viliazimwa kanisani. Shangazi Dorothée alipika tangu alfajiri, na Umurerwa, aliyetoka Walikale kwa pikipiki siku mbili, alikaa chumbani na kitenge kipya, akisikiliza njia. Saa nane. Saa kumi. Wazee wa upande wao walianza kutazama viatu vyao. Jua lilipoanza kushuka alichukua simu, akaita namba ya kwanza.

Mwanamke alipokea. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia na mwanamume akiuliza kitu.

"Niko nauliza Esdras," Umurerwa alisema.

"Esdras gani, mama? Hii namba ni yangu."

Umurerwa alikata. Namba ya jina lake, ile aliyoahidiwa haitatoka, Esdras alikuwa ameipa mwanamke mwingine. Alitoa kadi yake mwenyewe katika simu, akaikata vipande kwa mkasi wa shangazi, akalia mpaka macho yakavimba.

Esdras alishuka kutoka vilimani siku tisa baadaye, ana bonasi mpya na jibini mbili za zawadi. Alipiga simu, haikupatikana. Akaenda Kingi. Papa Twizeyimana hakumpa hata kiti.

"Tulikungojea siku nzima mbele ya watu. Na habari ulipewa."

"Habari gani, Papa? Miye sikupata kitu."

"Toka kwangu. Na jibini yako."

Mwezi huo vita viliifunga barabara ya Walikale. Ilipofunguka, Umurerwa alikuwa amehamishiwa ndani zaidi ya msitu. Esdras alitupa kadi zake zote za bonasi, akabaki na namba moja aliyoilipia kama watu wengine. Ile ya ndani ya kitabu hakuigusa, kwa sababu kuifungua kulimuuma.

Miaka mitano ikapita.

Mwaka huu, siku ya soko, Masisi centre, mwavuli mwingine na spika zile zile. Umurerwa alikuwa likizo, simu yake imekufa, naye alipanga mstari kutafuta namba mpya. Alikuwa amenenepa kidogo, na alimpendeza mtu aliyesimama nyuma yake.

"Dada," sauti ilisema, "kichwa iko moja. Sasa hata kofia iko moja."

Hakugeuka. "Kaka, sikujui."

"Unanijua."

"Ule nilijua alikuwa na namba munane, na siku nilimutafuta hakuna hata moja ilimupata." Sasa aligeuka, macho yamejaa maji. "Namba ya jina langu ulipatia bibi gani, Esdras? Uniambie tu. Nimechoka kujiuliza."

"Sikupatia muntu. Iko kwa nyumba."

"Nilimusikia, na mutoto wake."

 Esdras alikimbia nyumbani kwake, nyuma ya kanisa, akarudi anahema na kitabu cha nyimbo kifuani. Karatasi ilikuwa imegeuka njano. Ndani yake, kadi, safi kama siku ya kwanza.

Mamy, msichana wa pale mezani, aliitia katika simu yake, akatikisa kichwa. "Hii ilikufa zamani, kaka. Kadi ikikaa miezi mingi bila kuingia mu simu, wanaikata. Namba wanapatia muntu mwingine. Weye uliifanya nini?"

"Niliichunga," Esdras alisema.

Umurerwa alikaa chini juu ya gunia la maharage la mtu. Kisha aliomba simu ya Mamy na kupiga namba aliyoijua kwa moyo. Sauti ile ile ilipokea. Alikuwa Mama Muhawenimana wa Mubambiro, mke wa askari.

"Ni weye?" mama yule alisema alipoelezwa. "Ule ulikata mbele nimalize kusema? Nilipata mesaji yako, mwanangu. Sikukuwa na unités mu simu ya kukujibu. Nilibakia na huruma, sijaifuta mpaka leo. Nikusomee?"

"Musomee yeye," Umurerwa alisema, akampa Esdras simu.

Esdras alisikiliza. Papa amekubali. Ukuje na wazee. Usichelewe, mupenzi. Alivua kofia akajifunika nayo uso, katikati ya soko, na hakuona haya.

"Nijibu nini sasa?" aliuliza.

"Jibu ile uliombwa. Ukuje na wazee," Umurerwa alisema, akiwa tayari amemshika mkono.

Jumamosi iliyofuata wazee wanne wa upande wa Esdras waliingia kwenye ua wa Kingi, mzee Straton mbele. Papa Twizeyimana alikuwa amekaa, suti ya kahawia imekuwa pana mabegani.

"Mumechelewa," alisema.

"Njo vile, Papa," Esdras alijibu. "Miaka tano."

"Sababu?"

"Rezo, Papa."

Mzee alimtazama sana, kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Muingie. Lakini kwanza, mbele ya soda, mbele ya ng'ombe, huyu kijana atupatie namba yake. Moja."

Waliiandika kwa makaa ukutani, juu ya kiti cha mzee. Bado iko pale, na kila siku ya posho mzee huipiga, kuhakikisha tu kwamba kuna mtu anapokea.