Gari Lisiloweza Kufika

Jumanne, saa sita kasoro dakika tano mchana, Mzee Mpima alirudi kutoka hospitali, akafungua kabati la chuma chumbani kwake, akakuta hati ya nyumba haipo. Kufuli lilikuwa zima na dirisha limefungwa. Alikaa kitandani na viatu vyake mguuni, akainua simu kuita polisi, na alipoulizwa anamshuku nani, akamtaja mtu mmoja tu: Bi Mpishi, mama aliyempikia na kumfulia kwa miaka ishirini na mbili.

Kufikia Alhamisi asubuhi, Bi Mpishi alikuwa amelala mahabusu siku mbili, na saa kumi jioni angepelekwa gerezani kusubiri kesi. Inspekta alikuwa hatulii. Maneno ya yule mama hayakumtoka kichwani: "Nilikuwa sokoni, mwanangu. Hati ya mtu niiibe nikaifanyie nini?" Aliizunguka meza ya ofisi mpaka Koplo akaweka kalamu chini.

"Afande, kaa basi. Unanitia kizunguzungu."

"Nani mwingine ana ufunguo wa lile kabati?"

"Mpwa wake mzee. Lakini huyo anakaa mbali, kilomita tisini na mbili. Jumanne hakuonekana kwenye basi lolote. Jirani yake anasema alitoka na kigari chake cha umeme saa moja asubuhi, akarudi saa sita na nusu."

"Saa tano na nusu hizo. Si zinamtosha?"

"Saa zinamtosha, chaji ndiyo haimtoshi. Kitabu cha gari kinasema kilomita mia na hamsini, na kwenda na kurudi ni mia na themanini na nne. Njiani hakuna pa kuchajia, na kwa mzee umeme ulikatika siku hiyo tangu alfajiri mpaka jioni. Nimeuliza."

Inspekta alishachukua mkoba. Gari la kituo lilikuwa gereji, wakapanda basi.

Saa tatu na nusu walibisha hodi kwa mpwa. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye pua nyekundu na kitambaa mkononi.

"Karibuni, mtanisamehe, mafua yamenimaliza. Mnakuja kwa habari za mjomba? Masikini, alimwamini mno yule mama."

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Humu humu mjini, benki, posta, kwa kinyozi. Joto la siku ile mnalikumbuka? Kiyoyozi niliwasha mpaka mwisho."

"Na gari?"

"Hilo hapo bandani. Tangu Jumanne sijaligusa."

"Kwa mjomba huwa unakwenda nalo?"

Mpwa akacheka mpaka akakohoa. "Thubutu! Nikalale porini? Kwa mjomba naenda na basi, na nikikaa tu ni usingizi mpaka kituoni. Hiyo barabara yenyewe hata siijui ilivyo."

Inspekta akaingia ndani ya kigari, akakiwasha. Kwenye kioo chini ya usukani aliona mambo mawili. Chaji: asilimia mia. Umbali uliobaki: kilomita 217.

Namba ile ikamkera kama punje iliyonasa kwenye jino. Alitoka nje, akampigia shemeji yake, fundi wa magari ya umeme.

"Shemeji! Leo umenikumbuka?"

"Utani baadaye. Gari la mia na hamsini linaweza kuandika mia mbili na kumi na saba?"

"Linaweza vizuri sana. Asilimia ndiyo ya betri. Kilomita ni makisio tu, linatazama lilivyoendeshwa mara ya mwisho. Mwendo wa hamsini, kiyoyozi umezima, madirisha umefunga, matairi umeyajaza vizuri, unaachia mguu mapema kabla ya kona, linakuandikia hivyo. Na si uongo, zinafika."

"Na mtu wa kuzunguka mjini, kiyoyozi mpaka mwisho?"

"Huyo akipata mia na thelathini ashukuru."

Inspekta alimshukuru, akakata simu. Lakini makisio ya gari hayamfungi mtu. Mpwa angesema mashine imekosea, na nani angembishia? Saa yake ilionyesha saa nne na dakika tano. Akamnong'oneza Koplo maneno machache, kisha akarudi ndani akitabasamu.

"Ndugu yangu, basi limetuacha. Tupeleke. Kwenda tu si linafika?"

Mpwa alitazama mlango, akatazama kofia ya Koplo. "Linafika. Ila mtaendesha nyinyi, mimi naumwa."

Koplo aliendesha kama aliyetumwa kuua gari. Mia na kumi kwenye tambarare, kiyoyozi juu, madirisha wazi, breki za ghafla. Namba zikaporomoka: 190, 171, 158. Inspekta alikaa mbele akimtazama mpwa kwenye kioo. Mpwa alifuta jasho, akasogea huku na huku, akashika kiti cha mbele kwa vidole vyote.

"Funga madirisha basi, Koplo," alisema.

"Napenda upepo."

Kilomita ya arobaini na moja, Koplo akakanyaga kwa nguvu kuelekea kona. Mpwa akaruka.

"Achia! Achia mguu sasa hivi, ukipita kona ni mteremko kilomita tatu, usiguse kitu, litakurudishia asilimia mbili!"

Gari likapinda kona. Mteremko ukaonekana, mrefu, mpaka kwenye daraja. Koplo akaachia mguu. Asilimia ilikuwa sitini na tatu. Darajani ikasoma sitini na tano.

"Simama pembeni," Inspekta akasema, kisha akageuka nyuma. "Asilimia mbili kamili. Basi gani hilo lililokufundisha, na wewe umelala?"

Mpwa alifungua mdomo, chafya ikamtoka badala ya jibu.

"Nilijizoeza wiki tatu," alisema mwishowe. "Matairi, mwendo, kila kona. Hata kiti cha nyuma nilikitoa kupunguza uzito, nikakirudisha baadaye. Nilirudi na asilimia kumi na tano." Kwa nukta moja sauti yake ilikuwa na majivuno, kisha ikavunjika. "Mjomba aliniambia nyumba anamwandikia mpishi. Mpishi! Mimi damu yake nimekaa tu. Hati iko nyumbani, ndani ya foronya ya mto."

Inspekta alipiga simu kituoni. "Bi Mpishi asipelekwe popote."

Saa sita mchana walikuwa kituoni. Mzee Mpima alisikiliza yote amesimama, akamtazama mpwa wake akipitishwa, machozi yakamlenga. Bi Mpishi aliletwa mapokezi. Habari ya nyumba alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

"Nisamehe," mzee alisema. "Nyumba bado ni yako. Kesho tunakwenda kwa mwanasheria."

"Nimekusamehe, Mzee."

"Basi twende nyumbani."

Bi Mpishi akatikisa kichwa. "Nyumba mpe umtakaye. Miaka ishirini na mbili nimekaa chumba cha pili kutoka chako. Kabla ya kuinua simu, ungeniita tu ukaniuliza."

Bi Mpishi akamgeukia Inspekta, akamwuliza mabasi ya kwao yanaondoka saa ngapi.